Deni Nisiloliandika

Jumatatu, 5 Agosti

Barua zote za asubuhi nshaziingiza kwenye rejista. Arubaini na kitu, nyingi za viwanja. Kabla ya chai Bi Asya, mkuu wetu wa utumishi, kaniita ofisini kwake. Jina langu limependekezwa masjala ya siri. Miaka kumi na sita nnabeba majalada ya wazi, leo ndiyo wameniona. Mshahara utapanda. Lakini kwanza upekuzi, wanichunguze mie na mambo yangu. Kanipa fomu, niirudishe Jumatano. Nshaijaza yote isipokuwa swali moja: unadaiwa na nani?

Jumatano, 7 Agosti

Nimeandika mkopo wa benki tu. Deni la Bwana Shaame sikuliandika. Hilo hata Haji, mume wangu, halijui. Nlikopa mwaka juzi ili Mussa, mdogo wangu, apate safari ya kazi Oman. Wakala akala pesa, simu akazima. Mussa sasa anapalilia mikarafuu Kizimbani, deni limebaki shingoni mwangu. Nikaandika "hakuna deni jengine", nikatia saini. Uongo mtupu. Najichukia.

Ijumaa, 9 Agosti

Bwana Shaame kapiga simu kunipongeza. Nani kamwambia? Huyu hajapata kunipigia ila kunidai. Leo hakudai kitu. Naogopa.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimekwenda dukani kwake Mwanakwerekwe, anakouza mbao na mabati, kumpelekea pesa za mwezi huu. Kakataa kuzipokea. Kaniagizia soda, kanikalisha nyuma ya mabati. Ana mgogoro wa kiwanja, na jalada lake limehamishiwa masjala ya siri.

"Sitaki ulitoe, Bi Zuhura. Nisomee tu kilichoandikwa. Deni tutalisahau."

Nikamwambia huko hata sijaingia.

"Utaingia. Mimi nna subira."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Soda nliimaliza yote. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 13 Agosti

Watu wawili wa upekuzi wamepita mtaani kuuliza habari zangu. Jirani yangu Bi Mtumwa kawajibu kuwa mie mwaminifu, sina neno na mtu. Kanihadithia huku anacheka, akanipa na bakuli la muhogo wa nazi. Nikamwekea Haji.

Alhamisi, 15 Agosti

Usaili. Chumba kidogo, feni mbovu. Afisa ni kijana, mpole, kaniamkia shikamoo. Kaanza na wazazi, skuli, safari. Halafu: "Nje ya benki, kuna anayekudai?"

Nikasema hakuna. Akaandika. Akafungua ukurasa mwengine. Nikaona nikitoka pale hivi, Bwana Shaame ndiye atakayekuwa mkuu wangu wa kazi mpaka nistaafu. Nikamwambia kijana arudi nyuma. Nikamweleza yote, hata hiyo soda.

"Wenye madeni wanapita kila siku, Bi Zuhura," akasema. "Ungeliandika tu."

Nikamuuliza, sasa je? Akasema atapeleka kama alivyosikia.

Nimetoka na nafuu kidogo, kama mtu aliyekwisha kutapika. Nafuu hiyo imenifikisha Darajani tu, hofu ikarudi.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimemwambia Haji kabla hajakwenda kuswali. Nlitaka asisikie kwa watu. Kasimama na kanzu, haijafungwa vifungo. Hakugomba.

"Miaka miwili, Zuhura?"

Akatoka. Karudi, kala, kajilaza. Hajanitazama. Bora angenigombeza.

Jumatano, 28 Agosti

Barua imekuja. Mistari mitatu. Sikuidhinishwa.

Nafasi kapewa Salma, niliyemfundisha mwenyewe kuandika nambari za majalada. Kaja kunishika mkono, macho chini. Nikamwombea kheri. Nna wivu. Bi Asya tumepishana kwenye ngazi, kajifanya anasoma simu.

Bwana Shaame naye keshapata habari. Anataka pesa zake zote ndani ya wiki mbili. Sauti imerudi ile ile ya zamani. Sina pa kuzitoa.

Jumapili, 8 Septemba

Haji kauza vespa yake. Hakuniuliza. Jana kaweka bahasha juu ya kitanda, akaenda kuoga. Leo asubuhi tumekwenda wote wawili Mwanakwerekwe, yeye mbele, mie nyuma. Bwana Shaame kahesabu mara mbili, kachana karatasi yetu ya makubaliano. Haji hakukaa, ingawa kiti alipewa.

Tumerudi. Bado hatuzungumzi sana. Kaniuliza kama chumvi ipo. Nikamwambia ipo.

Kesho atatoka mapema, kazini kwake ni mbali kwa miguu. Shati lake nshalipiga pasi.