Radhi Niliyomwombea Shaibu

Kirumba, Mwanza
16 Juni 1961

Mpendwa mdogo wangu Mwanabaraka,

Assalaam alaykum. Najua ungekuwa hapa ungekwisha niamkia, basi marahaba, ipokee huko huko Tabora. Mguu unaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema umeanza kukanyaga bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Na shemeji Salum, kile kifua kimempa nafuu? Sisi hapa miili ni mizima. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nifunike cherehani baada ya swala ya Ijumaa, nikaomba karatasi kwa Mhindi mwenye duka ninaloshonea barazani.

Unisamehe kwa kukaa kimya tangu Ramadhani. Si kwamba nilikosa stempu.

Kazi ya kushona ipo tele. Tangu watu waambiwe Uhuru ni mwaka huu huu, kila mtu anataka shati la kijani na nyeusi, na kila mtu analitaka kesho. Wanacheka barazani kwangu mchana kutwa. Mimi nakata vitambaa, vingine navikata vibaya, narudia.

Uliniuliza kama ni kweli Shaibu alifukuzwa kazi kwa kumtukana mkubwa wake. Si kweli. Mwanangu hakumtukana mtu. Barua waliyompa ilisema amekaidi amri. Nitakueleza kama nilivyoyasikia barazani kwa msuluhishi, shauri lake liliposikilizwa.

Unajua kazi yake ilikuwa kwenye yadi ya reli, kumwashiria dereva wa injini kwa bendera mabehewa yanapounganishwa. Miaka minane. Siku hiyo, wiki moja kabla ya mfungo, treni ya mizigo ilikuwa imechelewa. Msimamizi wa yadi, Mzungu mgeni asiyemaliza hata miezi mitatu hapa Mwanza, akasimama juu ya jukwaa akamwamuru Shaibu ainue bendera ya kijani ili injini isukume. Shaibu akabaki ameshika nyekundu. Mzungu akarudia. Shaibu akamwambia, "Ngoja, bwana." Akaamriwa mara ya tatu, hakuinua.

Kumbe upande ambao msimamizi haoni, mwenzake mmoja aitwaye Malimi, Msukuma wa Usagara, alikuwa ameinama katikati ya mabehewa mawili akihangaika na mnyororo uliokwama. Alipotoka, Shaibu akainua kijani, treni ikasogea. Ilichelewa dakika tatu, labda nne. Jioni ile ile akaachishwa kazi. Mzungu aliona ameambiwa "ngoja" mbele ya vibarua, basi, hakutaka kusikia la mnyororo wala la mtu.

Chama cha wafanyakazi kilikataa. Katibu wao, Bwana Chenge, mtu mpole wa sauti lakini hang'oki akishika jambo, alipeleka malalamiko juu mpaka ikakubaliwa aje msuluhishi kutoka Dar es Salaam kusikiliza pande zote mbili. Lakini atakuja lini? Kila wiki tuliambiwa wiki ijayo. Karatasi ziko Tabora, karatasi zimekwenda Nairobi, karatasi zinarudi. Shaibu akawa anabeba mikungu ya ndizi za Bukoba kutoka gatini mpaka sokoni. Alikuwa akirudi kufuturu utomvu umemganda shingoni, Sada mkewe anamsugua kwa mafuta ya taa na hautoki.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Haya nimekwisha kumwambia Chenge peke yake.

Mimi na wewe tumelelewa kwamba mkubwa akikasirika, mdogo anashuka hata kama haki ni yake. Nikamwambia Shaibu aende akaombe radhi yaishe. Akaniuliza, "Baba, niombe radhi kwa lipi?" Nikaona hicho ni kiburi. Nikamjibu kwamba kiburi hakilishi watoto, nikaondoka kwenda tarawehe.

Kesho yake nikaenda kwa Venant, yule anayepiga taipu karibu na posta. Nikamwambia aandike kwa Kiingereza barua ya kuomba radhi, kwa jina la Shaibu, kwa unyenyekevu mkubwa kadiri anavyoweza. Venant ni kijana mwema, akaniuliza Shaibu mwenyewe yuko wapi. Nikasema yuko kazini, amenituma. Nikatia sahihi ya jina la mwanangu kwa mkono wangu huu, nikaipeleka ofisini kwao, nikamwachia tarishi. Nikangoja jibu. Halikuja. Nikasema labda imepotea, heri.

Msuluhishi alikuja mwezi uliopita, kabla ya Idi Kubwa. Mzungu mzee, kushoto kwake mtu wa reli, kulia mtu wa chama, na mkalimani mbele. Watu walijaa mpaka madirishani.

Malimi alikuwa na hofu, shati limelowa mgongoni. Yeye bado ana kazi yake pale, ana mke na watoto sita, na msimamizi ameketi hatua tano kutoka alipo. Nilidhani hofu itamfunga ulimi. Haikumfunga. Alisema, "Nilikuwa katikati. Angeinua kijani, leo Tereza mke wangu angekuwa mjane." Akaulizwa mara tatu kwa njia tatu, akasema lile lile. Chenge akanigeukia akaniinamishia kichwa, kana kwamba tumekwisha kushinda.

Ndipo wakili wa reli akatoa karatasi. Niliijua kabla hajaikunjua. Mkalimani akaisoma kwa Kiswahili: "Ninakiri kwamba nilikaidi amri halali ya mkubwa wangu kwa ujeuri, bila sababu yoyote." Bila sababu yoyote, Mwanabaraka. Mimi nilisema unyenyekevu tu. Sikujua kwamba kwa Kiingereza unyenyekevu unaandikwa hivyo.

Wakampa Shaibu aitazame. Aliitazama muda mrefu. Mwandiko wangu anaujua tangu nilipokuwa nikimtilia sahihi daftari za shule. Wakili akamwuliza kama barua ile ni yake. Hakugeuka kunitazama. Akajibu, "Jina ni langu."

Wakili akasema amemaliza. Nami niliketi, kofia mkononi. Miguu yangu ilikuwa mizima, ulimi ulikuwamo kinywani, na niliketi.

Kulipopambazuka nilikwenda kwa Chenge nikamweleza yote, nikamwambia nipo tayari kusimama niseme, hata wakinifunga kwa kughushi sahihi. Akasema, "Mzee Bilali, ungesema jana. Leo ukisema, Shaibu aliyeiacha barua ionekane yake anakuwa mwongo mbele ya msuluhishi, na ushahidi wa Malimi utakwenda na maji pamoja naye." Nikamwuliza basi nifanye nini. Akasema nirudi nyumbani.

Uamuzi umetoka Jumatatu ya juma lililopita. Eti amri ilitolewa bila uangalifu, hilo wamekubali. Eti Malimi alikuwa katikati, na hilo pia wamekubali. Lakini kwa kuwa mlalamikaji amekiri ujeuri kwa maandishi yake mwenyewe, kufukuzwa kwake hakufutwi. Ataajiriwa upya kama mtu mgeni, daraja la chini kabisa, katika gengi la kupalilia reli njia ya Mpanda. Miaka minane imefutwa. Msimamizi yupo pale pale jukwaani. Watu wananipongeza mtaani kwamba mwanangu amerudi kazini, nami nawaitikia. Kuna siku natamani kumpiga mtu, na sijui nianze na nani, maana nikizunguka kote narudi kwangu.

Nyumbani hakuna aliyeniuliza kitu. Shaibu ananiamkia kila asubuhi kama kawaida, ananinawisha mikono kabla ya kula. Angenipigia kelele ningepumua. Sada peke yake, siku moja akichambua mchele, alisema bila kuinua uso kwamba wako watu wanaopenda mtu kwa namna ya kumfunika mdomo.

Aliondoka Jumanne. Nilimsindikiza stesheni, Malimi akambebea sanduku. Treni ilipopiga honi akanishika mkono, akasema taratibu, "Baba, siku nyingine, jambo langu niandikie mimi." Hakulisema kwa hasira. Akapanda.

Nimeanza barua yake mara tatu. Kila mara nafika kwenye "Mwanangu Shaibu, hali yako," kalamu inasimama.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Mwezi ujao atapitia Tabora kuchukua vifaa, ameahidi atalala kwako. Umpikie, umwache apumzike. Usimwambie anisamehe, na usimsomee hii. Ila mkiwa wawili, mwambie akusimulie siku ile ya yadi, yote, polepole, tangu alipoona mnyororo umekwama. Mimi nilimpa ushauri, nikamwandikia barua, nikamvika kosa, lakini sikumwuliza hata siku moja ni nini kilichotokea. Niliyasikia pale barazani, akiwasimulia wageni, kupitia kwa mkalimani.

Nisalimie shemeji Salum, mwambie anywe maji ya moto yenye tangawizi. Nisalimie Mwanvua na mumewe, na wajukuu wote, hasa yule uliyemwita jina la mama yetu. Sada anakusalimu sana, na watoto wake wanauliza treni ya Mpanda inarudi lini. Malimi na Tereza hawakujui, lakini wamesema niwasalimie jamaa za Shaibu popote walipo.

Mwenyezi Mungu akupe afya ya mguu, aifungue riziki yenu, na atulinde na wema tunaoufanya bila kuuliza.

Ni mimi, kaka yako anayekutaja katika kila dua,
Bilali bin Feruzi