Kapsuli za Mukabera

Nyakabuye, Rusizi, siku ya Jumanne

Kwako Yaya Odette, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, na kwa jina langu pia, maana na mimi bado niko. Uko aje huko Bukavu? Goti lako la kushoto linakuruhusu kupanda mlima, ao bado unawatuma batoto sokoni na kuwatukana wakirudi? Na lile jino lako la mbele lililobaki peke yake, linasimama? Lisalimie sana. Sisi huku ni wazima wote, isipokuwa mimi niliyekuwa karibu kufa. Usianze kulia. Kama ningekufa ningemtuma muntu mwingine aandike.

Najua utauliza kwa nini barua, wakati hata wachunga mbuzi siku hizi wana simu. Yaya, simu ya nyumba hii ni ya bibi yangu Mukabera, mama wa batoto wangu, na yeye akiongea anaiweka sauti kubwa, mpaka jirani anajibu kabla yetu. Kwa hiyo barua hii nitampa Josiane, yule maman anayevusha vitunguu mpaka huko Bukavu kila Alhamisi. Nitaibandika kwa ugali. Ukiona imefunguka, ujue Josiane ameisoma, na umwambie mimi nimesema ana masikio marefu.

Sasa nianze. Unanijua toka zamani. Papa akikupa wewe kichwa cha samaki, mimi nilikuwa nakosa usingizi siku tatu, hata kama nilipewa mkia wenye nyama nyingi. Nilifikiri nikizeeka nitapona ugonjwa huo. Nimezeeka, sikupona.

Mwezi wa kwanza binti yetu Sandrine, yule wa Ubelgiji, alituma mzigo. Mama yake alikuwa analalamika mifupa, na kwenye kliniki walimpima damu wakasema anakosa vitamini D. Basi Sandrine akamletea machupa mawili, kila moja kapsuli mia. Batoto wa Ulaya hawajui kutuma kidogo. Ndani kulikuwa na karatasi, kaandika kwa mkono wake: Maman, hizi ni za nguvu sana, kunywa moja tu kila Jumapili ukitoka misa, usizidishe, nakupenda. Nikaigeuza ile karatasi kuona upande wa pili. Hakukuwa na kitu. Mimi nilitumiwa soksi.

Soksi za kijivu, Yaya! Mimi niliyembeba huyo mtoto mabegani siku tuliyorudi kutoka Congo, akinikojolea shingoni kutoka darajani mpaka Kamembe. Mama yake alikuwa amebeba sufuria. Leo aliyebeba sufuria anapendwa, aliyekojolewa anapewa soksi.

Nikazivaa. Lakini baada ya miezi miwili Mukabera akaanza kuamka. Anapanda kutoka shambani bila fimbo. Anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Na Damascène, yule mkubwa wa kwaya mwenye shingo kama bata, akamwambia mbele ya kanisa, mbele yangu, “Maman Sandrine, siku hizi unapanda kilima kama msichana wa masomo!” Akacheka, Mukabera akacheka, akajifunika mdomo na kitenge. Miaka arobaini na sita hajajifunika mdomo kwa maneno yangu. Mimi nilikuwa nyuma yao hatua ishirini, na fimbo yangu, na hakuna aliyegeuka kuuliza mifupa ya Munyemana inasemaje.

Kesho yake, Mukabera alipokwenda kulima mihogo, nikafungua kabati. Nikachukua moja. Laini, ya njano, inateleza kooni kama kitu cha matajiri. Nikatembea mpaka barabarani na kurudi, nikaona kweli, nimekuwa kijana. Nikapiga hesabu zangu za darasa la tano: yeye anakunywa moja kwa wiki na ameniacha nyuma. Nikinywa moja kwa siku, nitamfikia. Lakini nani anataka kumfikia tu? Nikanywa tatu. Tatu asubuhi, kila siku, Jumapili na sikukuu. Sikugusa chupa aliyokuwa anaitumia. Nilichukua ile ya pili, iliyokuwa imefichwa ndani ya valizi, lile sanduku lake la safari, chini ya gauni lake la ndoa. Ilipoisha, wivu haukuisha, nikaanza na ile ya kwanza.

Wiki mbili nilikuwa simba. Wiki ya tatu, kiu. Yaya, nilikunywa maji kama gari bovu. Ndoo ya asubuhi haifiki saa sita. Na yaliyoingia yote yanataka kutoka, hata katikati ya mahubiri nilikuwa natoka mara tatu, padri akafikiri simpendi. Kule nyuma, samahani, mlango ukafungwa kabisa, siku tano, siku sita. Chakula kikanichukiza. Nikatapika maharage, nikatapika hata isombe, yale majani ya mihogo anayopika Mukabera, kitu ambacho sijafanya toka tuoane. Nikafikiri dawa bado haitoshi. Nikaongeza ya nne.

Katikati ya hayo kulitokea maneno kidogo hapa nyumbani, mambo ya jikoni, na Gaju, bibi ya kijana wetu Christophe-Aimé, akachukua mtoto akarudi kwao Nzahaha. Nitafika huko. Wacha kwanza nimalize kuugua.

Siku moja nilivaa shati miguuni. Nikamwita Mukabera kwa jina la mama yetu, nikamwomba anirudishe Bukavu kabla Papa hajafunga mlango. Hapo ndipo aliogopa. Wakanibeba mpaka hospitali. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima sukari, hakuna. Dokta mmoja kijana, anaitwa Ndizeye, akasema damu yangu imejaa kalsiamu, figo zimechoka, akauliza mara tatu dawa gani nakunywa. Mara mbili za kwanza nilisema sinywi dawa, mimi muntu wa kulima. Mara ya tatu Mukabera alikuwa ametoka kutafuta uji, na dokta akaniambia polepole, “Mzee, kama kuna kitu unaficha, kitazikwa na wewe.” Nikasema.

Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Akanieleza kwamba vitamini hii ikizidi haitoki na mkojo kama nyingine, inakaa ndani ya mafuta ya mwili miezi na miezi, inaijaza damu chokaa, na ile chokaa inakwenda kukaa kwenye figo na kwenye moyo. Akasema dawa niliyokunywa kwa wiki moja ni ya miezi mitano ya Maman. Nikamjibu kwamba mimi nilifikiri vitamini ni kama mboga. Akasema, “Mzee, hakuna mboga inayokuja na karatasi ya kusema usizidishe.” Wiki nyingine moja, anasema, na figo zingesimama. Wakanitundikia maji ya serumu siku sita, wakanikataza maziwa, na mpaka leo kila wiki narudi kutolewa damu, maana ile kitu bado iko ndani inatoka pole pole. Nikamwomba asimwambie bibi yangu. Akasema siri ni yangu, lakini mzigo pia ni wangu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilitaka kufika toka mstari wa kwanza, na nimezunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Siku ya nne hospitalini, Mukabera alikaa kwenye kitanda, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kapsuli. Zilikuwa zimebaki saba katika chupa yake. Akaziweka zote mkononi mwangu. Akasema, “Papa Sandrine, hizi zilinipa nguvu mimi. Kunywa wewe, mimi nimeshapata yangu.” Yaya, nilizitazama. Kitu nilichokuwa nimeiba miezi yote, muntu ananipa bure, tena kingeniua. Nikakataa. Hakujua kwa nini. Akafikiri ni kiburi, akazifunga tena, akaangalia dirishani. Akaanza kulia, na akasema analia kwa ajili ya Gaju. Kwamba angekuwepo Gaju, angepumzika hata siku moja.

Nakuambia sasa yale maneno ya jikoni. Ile chupa ya valizi ilipoisha niliitupa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Gaju, unamjua, hatupi hata kisoda. Aliiokota, akaiosha, akaijaza chumvi, akaiweka jikoni. Mukabera akaikuta. Akakimbia kwenye valizi, hakuna kitu. Akatazama ile nyingine kabatini, zimebaki kapsuli chache tu. Akatuita wote sebuleni. Gaju akasema, “Maman, niliokota kwenye migomba, naapa kwa huyu mtoto.” Mukabera hakuwa na uhakika, Yaya. Nilimwona usoni, alikuwa anataka kuamini. Christophe-Aimé alikuwa anatazama viatu vyake. Wote wakanigeukia mimi, mzee wa nyumba. Na mimi, na kapsuli za asubuhi ile tumboni, nikasema, “Sasa chupa ina miguu? Ilitoka yenyewe kwenye valizi ikaenda kutembea kwenye migomba?”

Nilisema kwa kuchekesha. Christophe-Aimé alicheka, kidogo, kwa pua. Gaju alimtazama bwana wake akicheka. Alifunga mtoto mgongoni, akaacha hata chungu cha maharage kwenye moto, akatelemka njia ya Nzahaha. Sasa ni wiki ya tano.

Na Jumamosi hii tunakwenda kumrudisha. Mukabera ameshatayarisha jerikani mbili za urwagwa wa ndizi, kama desturi inavyotaka, na anataka kupiga magoti mbele ya baba yake Gaju na kusema kwamba amemsamehe mtoto wao, kwamba mambo ya dawa yamekwisha. Unasikia? Amemsamehe! Wakinywa pombe hiyo juu ya maneno hayo, Gaju atarudi hapa akiwa mwizi aliyesamehewa, na atabaki mwizi mpaka batoto wake waoe. Na mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha heshima, na mrija mdomoni.

Kwa hiyo nakuomba uvuke Ijumaa, ulale hapa kwetu. Wewe ndiye shangazi wa Christophe-Aimé, lazima uwepo, hakuna atakayeuliza kwa nini. Nimejiahidi kusimama kabla jerikani haijafunguliwa na kusema ni mimi. Lakini unanijua, Yaya. Mdomo wangu ukibanwa unakimbilia utani. Basi barua hii uiweke ndani ya nguo yako ya kifuani. Ukiona nimesimama na nimeanza kuongea habari za mvua, ao za ng'ombe wao, ao nimemchekesha muntu hata mmoja, usiningoje. Itoe, isome kwa sauti, kuanzia pale penye valizi. Usiruke kitu. Hata pale pa shati miguuni. Na pale pa Damascène pia soma, Mukabera ajue nilimwonea wivu. Bado namwonea. Juzi tu alimsalimia yule bata tena, na mimi niko na serumu ndani ya damu.

Nisalimie shemeji, nisalimie kijana wako Mirindi na bibi yake, na majirani wote wanaonikumbuka kwa mema. Wanaonikumbuka kwa mengine waambie na mimi nawakumbuka. Mungu akuvushe salama. Njoo na miwani yako.

Ni mimi mdogo wako,
Munyemana