Geuza Mara Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama utataka kucheka basi cheka mwishoni, maana ukicheka mwanzoni nitaudhika. Mimi ni fundi viatu, mzee wa miaka sitini na tisa, shule niliiacha darasa la nne, au tuseme tuliachana kwa makubaliano, lakini kusoma nasoma, naomba hilo lieleweke mapema kwa sababu ndipo ugomvi ulipo.

Mke wangu ndiye mwenye pankeki. Kila Jumamosi asubuhi wajukuu watatu wanaletwa kwetu naye anawapikia pankeki za siagi ya karanga, duara kama zimepimwa kwa bikari, zote rangi moja, na mimi kwa miaka yote hiyo kazi yangu imekuwa kula na kutoa maoni, na maoni yangu, nakiri, yalikuwa kwamba hiyo si kazi, ni kumwaga uji kwenye kikaango na kusubiri, hata mimi naweza huku nashona soli. Mwezi uliopita akateleza bafuni akategua kifundo cha mkono wa kulia, bahati nzuri hakuvunjika, Jumamosi ikafika, akaniambia, "Mzee, si ulisema ni kazi ya kusubiri? Haya, nenda kasubiri." Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto akaniandikia maelekezo nyuma ya karatasi ya kalenda, herufi zinapepesuka kama walevi wanarudi nyumbani, akaenda zake kulala.

Nikafuata kila kitu. Unga vikombe viwili, nikaweka viwili. Yai moja, moja. Siagi ya karanga vijiko vitatu, hapo niliongeza cha nne cha kulamba mwenyewe, si dhambi. Nikafika mstari wa mwisho: "Mimina upawa mmoja. Geuza mara moja." Mshauri, wewe ungefanya nini? Nikamimina, nikageuza mara moja, yaani hapo hapo, kabla pankeki yenyewe haijajua iko wapi, nusu ikang'ang'ania mwiko, nusu ikakunjamana, kuigeuza tena ikachanika, nikaona isiwe tabu, nikaivuruga yote kama mtu anayekaanga mayai, ya pili vilevile, ya tatu vilevile, kwa sababu karatasi imesema mara moja na mimi ni mtu wa kufuata maandishi, mwisho nikabaki na bakuli la makombo ya kahawia yenye ncha zilizoungua, nikanyunyiza sukari juu kuficha aibu, nikayapeleka mezani kwa uso mkavu nikasema hii ndiyo staili mpya.

Mjukuu wetu mkubwa, msichana wa miaka minane tunayemwita Hakimu kwa sababu hakuna kitu kinachopita mbele yake bila hukumu, akachota kijiko, akatafuna, akatafakari, akasema kwa sauti ya kufika chumbani, "Babu, hizi zinalia zikitafunwa. Za bibi zimelala tu." Wadogo zake nao wakataka zinazolia.

Ningenyamaza hapo leo nisingekuwa nakuandikia. Lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiliza, nikapaza sauti kuelekea chumbani, "Mama, umesikia? Umestaafishwa."

Sasa mkono umepona, jikoni haingii. Wajukuu wanakuja wanadai za babu, na mimi niliyekosea kwa bahati nalazimika kukosea kwa makusudi kila Jumamosi, ambako ni kugumu zaidi, naye anakaa na kikombe chake cha chai anatazama ukuta. Nilipomuuliza ananunia nini akasema, "Niliandika ugeuze mara moja, sikusema uikimbize." Nikamwambia niligeuza mara moja. Akasema mara moja maana yake si mara mbili. Nikamwambia mara moja maana yake sasa hivi, mteja akitaka kiatu chake mara moja hana maana kwamba hatakileta tena kwangu maisha yake yote. Tukamwita jirani, mwalimu mstaafu, atuamulie, akavua miwani, akaifuta, akasema wote wawili tuko sahihi. Tangu siku hiyo hatumsalimii, hilo peke yake ndilo tunalofanya pamoja.

Juzi nikamsikia mke wangu anamwambia mdogo wake kwenye simu kwamba anakwenda kukaa kwake, "Huku pana mpishi, mimi nimebaki fanicha." Kwa huyo mdogo wake ni siku nzima ya basi. Atakaa mpaka lini sikusikia, na si kwamba sikuwa nimebandika sikio mlangoni. Begi liko juu ya kiti tangu jana, zipu wazi, na ndani, juu ya kanga zake, ameweka kikaango.

Naomba uandike gazetini kwa herufi kubwa kwamba mara moja maana yake ni sasa hivi, nimwonyeshe, yaishe. Na nafasi ikibaki, unifundishe mtu anasemaje kwamba zile zilizolala ndizo anazozitaka, maana haya makombo yangu, yabaki kati yetu, yananikwaruza fizi.

Fundi Viatu, Mfuata Maandishi

Mshauri anajibu:

Fundi, nimecheka mwanzoni. Udhika.

Pole nyingi, na hiyo pole ni ya mkeo, naomba umfikishie. Herufi kubwa hupati. Unajisifu kufuata maandishi wakati hata kuyatazama hukuyatazama. Mwanamke mwenye mkono uliofungwa kaandika kwa mkono asiouzoea, herufi moja moja, ili wajukuu wasikose Jumamosi yao. Mkono ukiuma, maneno hufupishwa. Angekuwa mzima angekuandikia kwamba usubiri vitundu vitokee juu na ukingo ukauke, ndipo ugeuze, na ukishageuza uache kuichokonoa. Na wewe, mwandishi mwenyewe akiwa hatua kumi kutoka jikoni, ukaona kuuliza ni kujishusha. Mteja akikuletea kiatu bila kusema kinavuja wapi, unakata popote?

Hiyo staili mpya ni ajali iliyonyunyiziwa sukari. Hakimu simlaumu, alihukumu bila kuletewa ushahidi wote. Nakulaumu wewe uliyekuwa na ushahidi mkononi, tena umeshika mwiko, ukachagua kumstaafisha mwenzako akiwa kitandani, tena ukamtangazia kupitia ukutani kama anayeuza samaki. Ningekuwa yeye ningefungasha siku ile ile. Lakini yeye kafungasha kikaango, fundi. Mtu aliyechoka na pankeki hawezi kubeba chuma kizito hivyo siku nzima kwenye basi. Zipu nayo iko wazi tangu jana. Anakusubiri, ile kazi uliyosema ni rahisi.

Kwa hiyo liweke gazeti hili chini na usimwonyeshe mtu. Begi usilifiche, watoto usiwatume kukuombea. Chukua ile karatasi ya kalenda, kaa naye, mwambie ulisoma vibaya, na kwamba ungeuliza ungejibiwa. Ukisikia neno "lakini" linapanda kooni, limeze. Zile za kulala mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi, na fizi zako uzitaje, huenda akacheka.

Jumamosi mbele ya Hakimu ukiri kwamba yale makombo yalikuwa bahati mbaya. Halafu uwe msaidizi: koroga siagi ya karanga na maziwa ya vuguvugu kwanza mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke unga, na moto uwe mdogo, maana siagi hiyo huungua upesi. Kumimina na kugeuza mwachie mwenyewe. Wajukuu wakililia makombo wapeni ile pankeki ya kwanza, ya kwanza humharibikia kila mpishi. Na mwalimu msalimieni, maskini, alisema kweli.

Alisema kweli kwa sababu neno lenu lina maana zote mbili, na leo utazihitaji zote. Kamwombe mkeo radhi mara moja. Kwanza kwa maana yako, sasa hivi, kabla zipu haijafungwa. Kisha kwa maana yake: uombe vizuri, usije ukalazimika kurudia.