Jina Kwenye Wimbo wa Ukumbi

Jumanne, 3 Juni 1986

Mvua tangu asubuhi. Nimerudi nyumbani kwa Mama Warigia, Elgon View, na matope ya mtaa wa Langas hadi magotini. Akanitazama viatu kabla ya kunitazama uso. Tajiri ni tajiri hata akiwa na roho nzuri.

Lakini roho nzuri anayo. Tangu mumewe Ndungu, yule wa kiwanda cha mbao, afariki, anataka mali yake ifanye kitu cha kubaki. Si kanisa, makanisa yapo. Anataka muziki. Na mimi ndiye nimeajiriwa kumshauri ampe nani, na kwa njia gani. Watoto wake wa Nairobi wanacheka — eti Musimbi analipwa kumfundisha mtu kutoa! Wacheke. Nilipokuwa ofisi ya utamaduni niliona zawadi nyingi zikioza. Piano isiyo na mpigaji. Ngoma mpya stoo, panya wakila ngozi.

Nimempendekezea Mzee Walubengo, mpiga litungu, kile kinubi cha Wabukusu. Anafundishia nyuma ya posho mili, pale wanaposaga unga. Mashine ikiwashwa hakuna anayesikia nyuzi. Anataka ukumbi tu, ukuta na paa. Na anakohoa vibaya. Akienda kabla hajamaliza kufundisha, vyote vinaenda naye.

Mama atatoa kiwanja na mbao. Zaidi ya hapo anaogopa. Mjane Mkikuyu anawajengea Wabukusu ukumbi — watasema anatafuta nini? Basi nimemshauri tufanye harambee, mgeni wa heshima awe Mheshimiwa Kipyego, waziri msaidizi. Kukiwa na mkubwa mbele, laisensi ya mkutano inatoka na wengine wanachanga. Mama akasema, haya, wewe ndio unajua.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa nilikwenda kwa Mzee. Nilimwomba amtungie Mheshimiwa wimbo.

"Amefanya nini?" akauliza.

Nikamwambia ataleta mabati.

"Basi akileta nitaimba. Litungu haisifu kitu yenye haijafanyika."

Nilimbembeleza. Nikamwambia hawa watu hawaji mahali wasipoimbwa. Bintiye Nasambu, anayeongoza akina mama waitikiaji, alikuwa anachambua maharagwe pale mlangoni. Mwishowe tulikubaliana hivi: mabati yateremshwe kwanza, ndipo litungu lisikike. Huyu mzee ana kichwa kigumu! Lakini nampenda.

Jumamosi, 14 Juni

Imekuwa! Lori la mabati liliingia mbele ya gari la Mheshimiwa. Mzee akahakikisha kwa macho yake, akakaza nyuzi, akaanza. Anaimba mstari, ananyamaza kidogo, waitikiaji wanaingia: Kipyego! Mstari mwingine — Kipyego! Mimi Mmaragoli, Kibukusu nasikia nusu nusu, na hata mimi niliimba. Mheshimiwa alicheza mpaka kofia ikaanguka.

Mama alikaa nyuma na leso yake ya kichwa, kama mtu aliyepita tu njia. Alikuwa analia. Nafikiri ni furaha.

Ijumaa, 20 Juni

Wimbo umeshika Langas nzima. Wanaofua nguo wanauimba, watoto wanaurukia kamba. Mtu wa redio aliurekodi, juzi umepigwa. Msingi umechimbwa. Mzee anakuja kila siku kuuangalia, eti anahakikisha haujahama.

Jumatano, 2 Julai

Taarifa ya habari ya saa saba. Tulikuwa mezani. Mheshimiwa Kipyego amefutwa kazi, na chama kimemfukuza. Sentensi mbili tu, halafu bei za mahindi.

Mama aliweka kijiko chini. Akaenda akazima redio, akafunga dirisha. Mchana kweupe!

Sikuweza kumaliza chakula.

Jumatatu, 7 Julai

Tumeitwa kwa D.O., afisa wa tarafa. Ujenzi usimame. Sababu? Hakuna sababu. Mabati yamerundikwa kwenye kiwanja na askari wa utawala anayalinda — anayalinda dhidi ya nani, sijui. Watu waliokuwa wamechanga wananiona mjini wanavuka barabara. Wiki tatu zilizopita walikuwa wanagombania kukaa karibu na mimi.

Redio haipigi tena ule wimbo. Lakini leo nimepita Langas, nimeusikia nyumba tatu. Hakuna aliyewaambia waache. Nani angethubutu hata kulitaja jina ili kulikataza?

Alhamisi, 17 Julai

Mlango umefunguka kidogo. Mheshimiwa Kiptalam, ambaye ndiye amepanda sasa mahali pa Kipyego, ametuma mtu. Yuko tayari kuwa mgeni wa heshima, ujenzi uendelee. Ila ameusikia ule wimbo na ameupenda. Anautaka uleule. Jina libadilishwe.

Mama alishusha pumzi. "Si abadilishe tu, Musimbi! Kipyego, Kiptalam, hata yanafanana. Kwani ni kazi?"

Nilifikiri hivyohivyo. Nilikwenda Langas karibu nikikimbia.

Mzee alinionyesha kiwanja kwa kidole. "Hayo mabati nani alileta?"

Nikajifanya nakung'uta matope viatuni.

"Sema, madam. Nani?"

"Kipyego."

"Basi. Kama alikosana na wakubwa, hiyo ni yao. Mabati alileta. Huyu mwingine akileta yake, nitamtungia yake."

Nikamweleza kwamba huyu haleti kitu, anaruhusu tu. Mzee akakohoa hadi akashika ukuta. Akasema kuruhusu si kuleta.

Nimerudi nimechoka sana. Nina hasira naye. Ukumbi ni wake, si wangu!

Jumatatu, 21 Julai

Mama hali chakula vizuri. Kila tukikaa mezani anauliza: Mzee amekubali? Anasema akikataa, yeye anajitoa, mbao zirudi yadi ya kiwanda. Sijui nimlaumu vipi. Ana biashara hapa, ana makaburi hapa.

Nasambu alikuja mpaka geti, akakataa kuingia. Alisema baba yake halali, anakaa na litungu mapajani bila kulipiga. Akaniuliza kama kuna njia ya katikati. Nikasema nitafikiri. Kazi yangu si ndiyo hiyo?

Jumatano, 23 Julai

Nimeipata!

Wimbo una pengo tayari — pale Mzee anaponyamaza, waitikiaji wakaingia na jina. Nimemwambia aimbe kama kawaida. Akifika pale anyamaze, waitikiaji nao wanyamaze, nyuzi tu zijibu. Kipyego hatajwi. Kiptalam hatajwi. Mgeni atasikia muziki aliouomba, ataona anaimbwa. Nani atauliza?

Mzee aliliweka litungu kando. "Hapo sitakuwa nimedanganya?"

"Hapana, Mzee."

"Haya. Kwa sababu ni wewe unasema."

Nasambu amewafanyisha mazoezi akina mama jioni yote. Wamejifunza kubana midomo. Mama amekula leo, na ameniita mwanangu. Nilirudi chumbani nimejivuna, sikatai.

Jumamosi, 26 Julai

Niandike haraka.

Kiwanja kilijaa. Watu hadi barabarani, watoto juu ya rundo la mabati. Kiptalam alikaa chini ya turubai, D.O. kando yake. Mzee alivaa koti lake la harusi. Akaanza vizuri — sauti ilitoka safi, bila kikohozi hata kimoja. Mstari wa kwanza. Akafika pale. Akanyamaza. Nasambu na akina mama wakabana midomo kama tulivyowafundisha.

Na Langas yote ikaitikia: KIPYEGO!

Waitikiaji niliwafundisha. Langas sikuifundisha. Haikunipitia akilini kabisa! Wamekuwa wakiufulia nguo, wakiurukia kamba — wakiona pengo, midomo inajijibu yenyewe. Watoto juu ya mabati ndio walipaza zaidi, wakigonga mabati kwa miguu.

Kiptalam alikuwa anapiga makofi. Aliendelea kidogo, akitabasamu, mpaka D.O. akamgusa mkono.

Mzee angeweza kuacha pale. Hakuacha. Mstari wa pili, pengo. Wengine sasa walikuwa wamegundua, wakajiziba mdomo. Lakini wengine hawakugundua. Na wengine, naapa, waligundua na ndiyo maana walipaza.

Magari yaliondoka bila hotuba. Mama alikuwa ameshaondoka.

Jumapili, 27 Julai

Sikwenda kanisani. Mvua.

Nasambu amefika, safari hii ameingia hadi jikoni. Land Rover ya polisi ilimchukua Mzee asubuhi. Walimwambia abebe na litungu. Wanasema wanataka awaimbie huko kituoni, wasikie wenyewe kama kweli pale huwa ananyamaza, au alikuwa anawaita watu wataje lile jina.

Atawaimbia. Namjua. Atafika pale, atanyamaza, na hakutakuwa na mtu wa kuitikia. Watamuuliza nani alimfundisha kunyamaza. Nasambu anasema hatasema. Mzee alimwambia bintiye akipanda gari: usimtaje madam, alitaka kutusaidia.

Nimelia mbele ya sinki, bomba likiwa wazi.

Nasambu haombi pesa wala wakili. Anataka twende wote, niseme tu kwamba kunyamaza lilikuwa wazo langu. Mama anasema nikienda nitakuwa nimekwenda na jina lake, na yadi, na wafanyakazi wote wa yadi. Amesema kwa upole. Halafu akauliza, kama anavyouliza kila siku, nikimshauri nitamshauri nini.

Nimesimama hapa koridoni na hiki kitabu kwenye ukuta, nikiandika kama mjinga. Nimejaribu kuuimba ule wimbo kimoyomoyo nikiacha pengo. Siwezi. Jina linaingia lenyewe.

Mama yuko sebuleni. Nasambu yuko jikoni, chai yake imepoa na hajaigusa. Amefunga kitambaa chake cha kichwa upya. Sasa ameinuka, ananiangalia miguu kuona kama nimevaa viatu.