Jua Linapita Juu ya Shimo Mara Mbili

Kasongo, mwezi wa kwanza

Baba yangu mpenzi,

Jambo Baba. Kabla ya yote nauliza mgongo wako: bado unakuuma ukiinama? Na wenzako wa shimo, wote wanaamka wazima? Mimi ni mzima. Malaria ilinishika kidogo, shangazi akanipa dawa, ikaniachilia. Bugali na sombe ya majani ya muhogo tunapata. Ninachokosa ni mtu wa kuniita kwa jina langu. Hapa uani mimi ni "mutoto wa Wamaza" tu, kama kwamba kijiji chetu ndicho jina langu.

Baba, ulipokuwa unaenda Lusangi kuchimba dhahabu, uliniambia kwamba mzee wa shimo amesema mvua zikianza kuna siku moja tu ya mwaka ambapo saa sita jua linashuka ndani ya shimo mpaka linagusa maji ya chini. Siku hiyo hamchimbi, kila mtu anaenda kuona watu wake. Ukasema utakuja siku hiyo. Kwa kuwa simu haishiki kule mashimoni, nilitafuta namna yangu ya kuijua. Nilisimika kijiti uani, nikakinyoosha kwa jiwe lililofungwa kwenye kamba, kama mnavyonyoosha shimo. Mwalimu anasema dunia inavuta kila kitu kuelekea katikati yake, ndiyo maana kamba ya jiwe haidanganyi.

Kila saa sita nilitazama kivuli. Kilikuwa kinalala upande wa kusini, kikazidi kuwa kifupi, mpaka mchana mmoja kijiti kikakosa kivuli kabisa. Nilioga, nikavaa ile robe ya kitenge, nikaenda kukaa kando ya njia ya Kabambare. Pikipiki zilipita na mifuko ya mchele, na mbuzi, na watu wa wengine. Wakati wa kufungia kuku, Asha wa shangazi akaja kunichukua.

"Unangoja baba ao unangoja kivuli?"

"Nangoja baba."

"Basi baba yako iko mwepesi sana. Hata kivuli yake sioni."

Watoto wa jirani wakacheka. Mimi pia nilicheka, ili nisilie mbele yao.

Baadaye yule mwendesha pikipiki aliyekupeleka alipita hapa. Akasema, "Baba yako iko muzima. Jua haikuingia, mawingu ilifunga wiki muzima. Sasa anangoja ya mwaka ingine."

Shangazi aliendelea kutwanga sombe. "Tangu lini njia ya Kasongo inafunguliwa na jua?" akasema.

Mwaka mzima, Baba. Tangu tulipomzika Mama tumebaki wawili, na sauti yako nimeanza kuitafuta kichwani.

Nilimuuliza mwalimu kama ni kweli jua lile linarudi baada ya mwaka tu. Alichoma chungwa kwa kijiti, akawasha tochi, akalizungusha chungwa kando ya mwanga.

"Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama hivi," akasema. "Kwa hiyo jua la saa sita miezi mingine liko kaskazini yetu, miezi mingine kusini. Likihama kwenda kusini, linapita wapi?"

"Juu ya kichwa."

"Na likirudi?"

"Linapita tena."

"Sasa unaniuliza nini?"

Baba, jua linapita juu ya shimo lenu mara mbili. Mzee wenu alisema mara moja kwa sababu ile ya pili inaangukia katikati ya mvua, mmefunika mashimo kwa nyasi, na hakuna anayetazama. Lakini linapita. Hata mawingu yakifunga, liko palepale juu yake. Ni mwezi wa tatu, mwanzoni.

Kuna jambo jingine nimelifikiri, usikasirike. Pengine si mawingu. Pengine shimo halijatoa kitu, na unaona haya kuingia kwa dada yako mikono mitupu. Kama ni hivyo, njoo na hiyo mikono. Sitatazama ndani ya mfuko wako.

Asubuhi kabla ya shule ninaangalia upande wa mashariki, kwenu. Mwalimu anasema jua linawafikia ninyi kwanza, halafu sisi, kwa sababu dunia inazunguka kuelekea huko. Kwa hiyo jua ninaloliona limekwisha kukuona wewe.

Nisalimie mzee wa shimo, na umwambie kwa heshima habari hii ya mara mbili. Nisalimie mama anayewapikia, na bibi kule Wamaza ukipata mtu wa kumtuma. Shangazi anakusalimu, alisema nisiandike, lakini alisema.

Kijiti bado kimesimama, Asha amekizungushia mawe ili mbuzi wasikiangushe. Siku hizi kivuli cha saa sita kinalala upande wa kaskazini. Kilikuwa kinarefuka, kinarefuka, nikachoka kukitazama. Wiki hii kimeanza kurudi.

Ni mimi binti yako,
Mwayuma