Kofia ya Jino na Mkasi wa Shingoni

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Sindano,

Salamu tele. U hali gani, na shemeji na watoto hawajambo? Kile kifua kimepoa? Sisi wazima. Mama anakula vizuri, ila bado akicheka anaziba mdomo kwa kiganja.

Sasa nikupe yangu, na usinicheke. Jino langu la mbele lilimeguka nusu nikiwa namalizia vifungo vya sare. Daktari wa meno akaliziba kwa dawa nyeupe laini, akaimulika kwa taa ya buluu mpaka ikawa ngumu. Ilikaa siku nane tu. Niliporudi akakichonga kipande kilichobaki, akanijaza mdomo uji mzito wa kuchukulia umbo la jino, akaupeleka kwa fundi wake anichomee kofia ya kauri. Nikiisubiri, akanivika ya muda, ya plastiki.

Siku ile ile nikashona pindo, nikang'ata uzi. Kofia ikachomoka, ikabaki inaning'inia uzini. Nilicheka, kisha nikalia.

Daktari hakucheka. Nilipomrudia alinipa kioo nitazame jino langu la pembeni yake: lina mfereji mwembamba, upana wa uzi.

"Mama, jino hili umelikata mwenyewe, kidogo kidogo, miaka thelathini," akasema. "Mzizi nao ukipasuka, sina pa kushikizia kofia."

Hapo nikamkumbuka Mama. Mapengo yake ya mbele tulisema ni uzee. Uzee gani, na magego yote yapo? Ndiye aliyenifundisha kushona, na kung'ata.

Basi nimekata shauri. Mkasi mdogo unakaa shingoni kwa utepe, na nashona nimebana midomo hadi wateja wanadhani nimenuna. Kofia ya kauri ina wiki ya tano. Mama naye alikataa katakata, lakini Jumanne anapimwa meno bandia, apende asipende. Nataka nimwone akicheka mikono ikiwa chini.

Wewe ulijifunza kwangu, na hilo linaniuma. Hebu pitisha ulimi kwenye ncha za meno yako ya mbele, sasa hivi.

Nisalimie shemeji na wanangu wote. Mama anakubusu. Mungu ailinde mikono yako, na kinywa chako.

Nawe nimekununulia mkasi wako; nimeufunga juu ya kifurushi kinachokuja na barua hii, si ndani. Nakujua: ungeng'ata uzi ili uufikie.

Wako akupendaye,
Dada yako