Siku Mashine Zote Zilipozunguka

Mjukuu wangu Kokushubira,

Salamu zako zimefika. Bibi yako anakohoa lakini bado anatugombeza, kwa hiyo hajambo. Migomba inanyauka, tuyaache hayo.

Unauliza wasio na kazi wanapunguaje kwenye takwimu, wakati vijana wa Bugene unawaona wamekaa tu. Mimi niliwahi kusaidia kuwapunguza.

Ujanani nilikuwa fundi wa kiwanda cha kukoboa kahawa. Mashine zilikuwa tano, kahawa ilitosha moja. Siku alipokuja afisa wa takwimu, meneja aliniamuru niziwashe zote, tupu, akawaita waliokuwa wakisubiri kazi getini wasimame kando ya mashine kana kwamba ni wafanyakazi. Jirani yetu Zakaria alikuwemo.

"Ndugu yangu, nimeajiriwa!" alinipigia kelele katikati ya mngurumo. Nikatabasamu.

Kesho yake wote walirudishwa getini. Zakaria hakwenda tena. Afisa aliporudi alifurahi: "Wanaotafuta kazi wamepungua!" Aliyekata tamaa hahesabiwi, mjukuu wangu. Zakaria alikuwa nyumbani, amelala, uso ukutani.

Mkewe alinifuata. "Shemeji, alikosea nini kazini siku ile?"

Nilimwambia sijui. Hadi leo, kanisani, nakaa mbali na benchi la mama huyo.

Ni mimi babu yako.